Makubaliano Mapana

Kwa miaka mingi nilimkasirikia mwanamke mmoja kwa sababu alisema kweli mbele ya watu, na mimi nikiwa nimesimama pale pale. Jina lake sitalitaja. Hata alipokuwa akitufundisha hatukulitumia. Sisi wanafunzi tulimwita Madam, walimu wenzake walimwita Madam, na mumewe, fundi mitambo wa kiwanda cha sabuni kule Nyakato, naye alimwita Madam, nusu kwa utani na nusu kwa woga. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa wapi, mtoto wa nani, nawajibu kwamba sijui, na kweli sijui. Nilichokijua ni hasira zake. Nyingine ninazo mimi mpaka leo.

Hasira ya kwanza niliyoiona ilitokana na neno moja la Kiingereza. Tulikuwa kidato cha pili, katika shule iliyojengwa kati ya mawe makubwa, mahali ambapo ukikaa dirishani unaona ziwa. Kwenye kitabu kulikuwa na sentensi kuhusu mwizi aliyevunja duka in broad daylight. Madam alimsimamisha mvulana mmoja aitafsiri.

"Mwizi alivunja duka katika mchana mpana," akasema.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote tulikuwa tumeandika hivyo hivyo. Madam aliweka chaki mezani.

"Umewahi kuuona mchana mpana?"

"Hapana, Madam."

"Mwizi akiingia kwenu saa sita, jua linawaka, mama yako anasemaje?"

"Anasema ameingia mchana kweupe."

"Kumbe unajua. Sasa kwa nini umeacha unachokijua ukaandika usichokijua?"

"Kwa sababu broad ni pana, Madam. Kamusi imesema."

Aliichukua ile kamusi, kitabu kidogo kilichopoteza jalada, akaisoma kimya kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya matusi. Kisha akamrudishia.

Wiki nzima hatukusoma kitu kingine. Aliandika neno lile katikati ya ubao, na kila siku akaliongezea mwenzake. Mabega yakiwa broad ni mapana, hapo hakuna ugomvi. Mto ni vivyo hivyo. Mtu akikupa broad hint, amekudokezea waziwazi kiasi kwamba usipoelewa ni shauri lako. Mtu mwenye broad accent ni yule ambaye akifungua mdomo tu unajua kwao ni wapi, na hapo Madam alitutazama, maana wengi wetu tulikuwa Wasukuma na tulikuwa tukisema "blodi". Alitusimamisha safu kwa safu mpaka ulimi ukakubali. "Blodi haipo duniani," alisema. "Mkienda nayo kwenye mtihani mtaiacha huko huko." Aina fulani ya maharage makubwa nayo huitwa broad. Na watu wakisema wamefikia broad agreement, wamekubaliana yale makubwa, madogo bado.

"Msiniambie neno lina maana gani," alikuwa akisema. "Niambieni limekaa na nani."

Nadhani niliisikia sentensi hiyo mara mia. Nilikuwa nikiigiza sauti yake bwenini, wenzangu wakicheka mpaka wanalia.

Siku ya Ijumaa mvulana mwingine alinyoosha kidole. Wakati ule mabanda ya video yalikuwa yameanza kuota mjini kama uyoga, na huyu alikuwa mteja. Alisema kwamba ipo maana nyingine ambayo Madam hajaiandika. Alisema kwenye filamu za Wamarekani majambazi huwaita wanawake hivyo. Sisi wasichana tuliangalia chini, tukingojea fimbo.

Madam alimuuliza, "Wanasema kwa heshima au kwa dharau?"

"Kwa dharau, Madam."

Akageuka ubaoni, akaiandika chini ya zile nyingine, kwa mwandiko ule ule ulionyooka: mwanamke, kwa dharau. Akasema, "Ni maana yake. Ipo. Siwezi kuifuta kwa sababu tu inanichoma mimi." Kisha akamwambia yule mvulana, "Na wewe ukimwita mtu hivyo, nitakuua." Akaendelea na somo.

Sitaki kumfanya malaika. Fimbo alitumia, na alitumia vibaya. Siku moja mtu alichora picha ya matusi kwenye mlango wa choo cha walimu, na Madam akatuchapa darasa zima mikononi kwa sababu hakuna aliyemtaja mchoraji. Mimi sikujua hata huo mlango ulikuwa upande gani. Kidole changu cha shahada kilivimba, nikashindwa kushika kalamu siku nne. Hakuniomba radhi. Lakini siku ya tano alikuja na daftari jipya, ndani yake ameninakilia masomo yote niliyoyakosa, si ya Kiingereza tu, hata jiografia na kemia, kwa mkono wake. Aliliweka mbele yangu kama mtu anayetupa kuni. Nililichukua na nikaendelea kumchukia.

Alikuwa na mambo ambayo hayakupatana. Alifundisha Kiingereza kwa ukali kuliko wote, lakini nje ya darasa hukumsikia akikisema. Mzazi akimsalimia kwa Kiingereza barabarani, yeye anajibu, "Marahaba, habari za nyumbani?" Alivaa viatu vya kiume vya mitumba kwa sababu vinadumu, lakini mama mkwe wake alipokuja kutoka kijijini alimsalimia kwa kupiga magoti, hata sokoni, hata kwenye matope. Kila jioni alisikiliza redio ya Kiingereza akiwa na kalamu mkononi, na mtangazaji akikosea alisonya.

Miaka ile kila mtu alikitaka Kiingereza ghafla. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, vibao vya maduka vikabadilika lugha, viwanda vya kukata minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, na wenye mali wakaanza kutafuta walimu wa kuwafundisha watoto wao majumbani. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alimfuata Madam kwa gari mpaka shuleni. Madam alimkatalia mlangoni. Tuliosimama karibu tulisikia.

"Anataka mtoto wake aongee kama redio," alimwambia mwalimu mwenzake yule bwana alipoondoka. "Redio haina la kusema. Ina la kurudia."

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga chapa, na nikaajiriwa katika ofisi ya kile kiwanda cha sabuni alikofanya kazi mumewe. Kiwanda kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, safu za vyumba viwili viwili vya matofali, kila nyumba na uwanja wake mdogo nyuma. Nilipewa moja. Ndivyo nilivyokuja kuwa jirani wa Madam. Kati yangu na yeye ilikaa familia ya mzee aliyekuwa akiwasha boila ya mvuke kiwandani, na mkewe Mama Kulwa, na mapacha wao Kulwa na Doto waliokuwa hawajaanza shule. Yule mzee kifua kilikuwa kimeharibika kwa moshi. Ukiamka asubuhi ulimsikia akikohoa, kisha ukasikia kuku wa Mama Kulwa, kisha redio ya Madam.

Kama jirani alikuwa mtu mwingine, na alikuwa yule yule. Mama Kulwa alipojifungua mtoto aliyefariki, Madam alilala kwake majuma mawili, akipika na kufua. Lakini Mama Kulwa alipomwita mwanawe "beibi", neno alilolisikia mjini, Madam alimwambia palepale, akiwa na sufuria mkononi, "Huyo ana jina." Mumewe, yule fundi, alikuwa mtu mtulivu sana. Alikuwa akisema, "Mimi nimeoa mtihani, lakini nimefaulu." Wote tulimpenda. Naeleza haya ili ieleweke kwamba hakuna aliyekuwa adui wa mwingine pale.

Kisha ikasikika kwamba kiwanda kinauzwa. Neno jipya lilikuwa ubinafsishaji, na kila mtu alilitamka akishusha sauti kidogo. Alikuja meneja mpya, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, shati jeupe kila siku, anasalimia hadi mfagizi. Watu walijali kazi, lakini walijali nyumba zaidi. Kazi unaweza kutafuta nyingine. Mzee wa boila, kwa kifua kile, angekwenda wapi?

Barua ya wanunuzi kuhusu nyumba ilifika kwa Kiingereza. Meneja aliniita, akaniambia niitafsiri, niipige chapa, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya mkutano wa wafanyakazi. Ilikuwa barua fupi. Sentensi iliyobeba kila kitu ilisema kwamba there is broad agreement kuwa wakazi wa sasa watabaki katika nyumba zao.

Nilipoliona lile neno mkono wangu ulisimama juu ya mashine. Saa kumi nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa Madam. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinama anang'oa magugu kwenye mchicha. Nilimpa shikamoo, nikamsomea sentensi.

Hakuinuka. "Limekaa na nani?"

"Limekaa na agreement."

"Basi, si tulisoma? Maana yake nini?"

"Wamekubaliana kwa jumla. Madogo bado."

"Nyumba ya mzee wa boila, kwao wale, ni jambo kubwa au dogo?"

Niliitazama tena ile sentensi. Ndipo akainuka, akafuta udongo mikononi.

"Sikiliza. Lugha yetu hapa ni mtego. Sisi tukisema jambo limezungumzwa kwa mapana na marefu, tuna maana limekwisha, halina kona iliyobaki. Wao wakisema broad, wana maana limeguswa juu juu. Ukiandika 'mapana' utakuwa umewaambia watu kinyume. Andika hivi: wamekubaliana kwa jumla, lakini bado hawajakamilisha. Neno 'bado' usiliache."

Nililiandika hivyo. Kesho yake nikampelekea meneja. Alisoma akitabasamu.

"Hii imekuwa ndefu, dada. Na hili 'bado' limetoka wapi? Mimi silioni kwenye barua."

"Ni maana ya broad hapo, bosi."

"Broad si pana?"

"Ni pana, lakini..."

"Basi andika makubaliano mapana. Watu watulie." Akanirudishia karatasi. Nilipofika mlangoni akaniuliza, kwa upole ule ule, "Kwani wewe unakaa nyumba ya safu gani?"

Nilirudi mezani nikapiga chapa: Kuna makubaliano mapana kwamba wakazi wa sasa watabaki katika nyumba zao. Ningependa kusema nililia, au nilitetemeka. Sikulia. Nilipiga chapa bila kosa hata moja, nikaipeleka ibandikwe, nikaenda kunywa chai.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kantini. Wafanyakazi walitakiwa kuweka sahihi kwamba wamearifiwa na hawana pingamizi nyumba kuuzwa pamoja na kiwanda. Wake zao waliruhusiwa kusikiliza wakiwa wamekaa nyuma. Katibu wa tawi la wafanyakazi aliisoma karatasi yangu kwa sauti, na alipofika "makubaliano mapana" alirudia mara mbili, akiyatandaza maneno kwa mikono yake miwili. Watu walipiga makofi. Mzee wa boila alipiga makofi mpaka akakohoa.

Madam alisimama, akanyoosha kidole, kama mwanafunzi.

"Naomba barua yenyewe isomwe," alisema. "Ya Kiingereza."

"Mama, hapa wengi hatujui Kiingereza," katibu akamjibu. "Ndiyo maana imetafsiriwa."

"Haijatafsiriwa. Imegeuzwa. Hilo neno mliloambiwa ni mapana, pale lilipo halina upana wowote. Linasema bado hawajamaliza kukubaliana. Msiweke sahihi mpaka waandike nyumba kwa nyumba, jina kwa jina."

Minong'ono ikaanza. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba walimu wanadhani kila mahali ni darasani. Mwingine akasema huyu anataka kutuharibia. Ndipo mumewe akageuka. Alikuwa mstari wa mbele na wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye, si mkewe.

"Madam," alisema, "kaa chini. Unaniaibisha."

Hakukaa. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona, nimesimama kando ya meneja na faili kifuani.

"Binti," aliniambia, "wewe ndiye uliyeiandika. Waambie."

Uwanja wote ukanigeukia. Namkumbuka Mama Kulwa, Doto mgongoni, anaitikia kwa kichwa kunitia moyo, kama vile nilikuwa naombwa kuimba. Meneja hakuniangalia. Alikuwa anaangalia saa yake.

Nikasema, "Broad ni pana, Madam."

Watu walicheka, kicheko cha kushusha pumzi. Mtu akasema, "Mwalimu kasahihishwa na mwanafunzi," wakacheka tena. Mumewe akamwambia mara ya pili, chini chini, "Kaa." Safari hii akakaa, palepale kwenye vumbi, na mumewe akawa wa kwanza kuweka sahihi.

Haikupita hata nusu mwaka. Kwanza vilikuja vikaratasi vya kuwaambia watu watafute pa kwenda, na kila aliyekwenda kuuliza alionyeshwa karatasi yenye sahihi yake mwenyewe. Kisha siku moja, saa sita mchana, lori likaja na walinzi wa kampuni moja ya ulinzi, vijana waliovaa sare mpya, wakaanza kutoa vyombo nje nyumba kwa nyumba. Nyumba zetu sisi watu wa ofisini ziliachwa. Niliona yote kutoka dirisha la ofisi. Mzee wa boila walimtoa na kitanda chake, wakakiweka juani, naye akakaa juu yake ameshika redio ya mtu mwingine. Mama Kulwa alikuwa anakimbiza kuku.

Madam alifika kutoka shuleni akiwa na rundo la madaftari ya wanafunzi. Vitabu vyake vilikuwa vimeshamwagwa kwenye mfereji, na mumewe amesimama mikono kichwani. Niliona anamwomba mlinzi karatasi ya amri. Akaisoma yote, amesimama. Kisha akachomoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akaweka karatasi juu ya madaftari, akasahihisha kitu, akageuza akasahihisha kingine, akaandika alama chini, akamrudishia. Baadaye yule mlinzi aliwasimulia watu kwamba Madam alimwambia, "Mmekosea sehemu tano. Sasa endeleeni." Watu walicheka aliposimulia. Mimi sikucheka, lakini siku ile sikutoka nje pia.

Madam na mumewe walivuka kwa kivuko kwenda Sengerema, ng'ambo ya ziwa, ambako mume alipata kazi ya kutengeneza mashine za kusaga. Familia ya mzee wa boila ilihamia Kisesa kwa ndugu zao, na baada ya mvua za kwanza tukasikia mzee amefariki. Wengine sikujua walikokwenda. Sikuuliza.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haikuwa kwa meneja, wala kwa wale walionunua kiwanda. Wale sikuwahi kuwaona hata uso. Ilikuwa kwa Madam. Niliwaambia watu kwamba aliwaharibia kwa kiherehere, kwamba angenyamaza wanunuzi wasingeudhika. Nilisema alikuwa na kiburi. Nilisema mwanamke anayemwaibisha mumewe hadharani ana lake. Nilisema hata kwamba zile fimbo za shuleni ndizo zilizonitia woga, kwa hiyo kosa ni lake. Nililijenga jambo hilo kwa miaka, tofali juu ya tofali. Kiwanda chenyewe kilikuja kufungwa, mashine zikapakiwa zikapelekwa kusikojulikana, nami nikapewa notisi ya kuhama kama wengine. Hata siku nilipokuwa nafunga godoro kwa kamba nilikuwa namlaani yeye.

Nilikutana naye tena Sengerema. Nilikuwa nimevuka kumwona shangazi yangu aliyelazwa hospitalini, na nilipotoka nikapita njia ya sokoni. Nje ya banda la mashine ya kusaga, juu ya kiti cha kamba, alikaa mwanamke amevaa viatu vya kiume. Alikuwa amekonda na jicho moja lilikuwa na utando. Nilifikiri kupita. Akaniita kabla sijaamua.

"Binti."

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa."

Nilikaa juu ya gunia. Mumewe alitoka ndani, mweupe kwa unga, akanishika mikono yote miwili akicheka. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na kelele za mashine, hivyo hakusikia nilichosema, lakini aliitikia kila kitu. Aliniletea soda akarudi kazini.

Sikuwa nimepanga. Nilisikia tu mdomo wangu unasema, "Madam, naomba unisamehe. Siku ile ya mkutano."

"Nikusamehe nini?"

"Nilijua maana yake. Tulizungumza mimi na wewe, nilijua, na nikasema vile."

"Mimi hukunikosea," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. "Mimi nilijua maana yake. Huwezi kumdanganya mtu anayejua. Waliodanganywa ni wengine. Umewaomba?"

Niliiweka soda chini.

"Mzee wa boila alikufa anajiita mjinga. Mkewe aliniandikia. Anasema mpaka siku ya mwisho alikuwa anarudia, mimi niliweka sahihi kwa mkono wangu. Umekwenda Kisesa?"

"Hapana, Madam."

"Kwa nini?"

Hapo hasira zangu zote za miaka zilinipanda. Nikasahau kwamba ni mwalimu wangu, nikasahau kwamba ni mzee.

"Na wewe je?" nikamwambia. "Wewe ulijua kuliko sisi sote. Mume wako alikwambia kaa, ukakaa. Ungeendelea kusimama. Ungewasomea barua mwenyewe. Ulikaa kwenye vumbi ukawaacha waweke sahihi, na leo unaniuliza mimi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga waligeuka. Nilitegemea anipige. Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Ndiyo," alisema. "Nilikaa."

Mashine ilikuwa inanguruma ndani. Alisubiri mpaka ikatulia.

"Nakasirika kila siku inayokuja. Nakasirika nikimwona huyu anavyocheka na watu. Tumegombana mimi na yeye juu ya siku ile mpaka masikio yake yakakataa kusikia. Unafikiri fimbo inauma, binti? Basi." Alinyoosha mguu mmoja, akasugua goti. "Upande huu wa ziwa wapo watu wa familia sita. Nimekwenda kwa wote, kwa miguu. Nimewaambia kwamba nilijua na nikakaa chini. Wengine walinifukuza. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Kazi hiyo nimeimaliza. Walio ng'ambo ni wako."

"Nitawaambia nini?"

"Ulichokijua, na siku uliyokijua."

Kisha akamwita mwanamke aliyekuwa mbele kwenye foleni, wakaanza kuzungumza habari za mahindi yaliyoingia wadudu, kama vile mimi nimeshaondoka. Nikaondoka. Ndani ya kivuko nilijiapia kwa hasira njia nzima kwamba siendi popote, kwamba huyo mama hana haki ya kunipa kazi ya nyumbani mpaka leo.

Jumamosi ya pili yake nilikwenda Kisesa. Haikuwa vigumu kumpata Mama Kulwa, kila mtu alimjua. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anapura choroko. Alifurahi kuniona. Alisema nimempunguzia upweke, akaniuliza habari za Nyakato, akataka kusimama kunipikia. Nikamwambia akae kwanza.

Nilimwambia yote. Barua, mchicha, meneja, karatasi ya kwanza yenye neno "bado" na ya pili isiyokuwa nalo. Nilimwambia kwamba aliponiangalia siku ile na kuitikia kwa kichwa mimi nilikuwa najua, na kwamba mumewe hakuwa mjinga. Alielewa sawasawa kile alichosomewa, na mimi ndiye niliyekiandika kwa uongo. Alisikiliza bila kunikatiza. Fimbo ya kupuria ilikuwa imelala mapajani.

Nilipomaliza aliiweka fimbo chini. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba.

"Kulwa. Doto. Njooni hapa."

Walitoka wawili, vijana wakubwa sasa, warefu kama baba yao. Walinisalimia kwa heshima, wakasimama wakingoja kutumwa.

"Kaeni chini," mama yao aliwaambia. "Baba yenu mmekua mkisikia aliweka sahihi kwa ujinga." Kisha akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa makavu na sauti yake ilikuwa ngumu, sijawahi kumsikia nayo. "Anza upya," alisema. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Nikaanza upya.